Senta wa Mita 1.98

Aliyetaka kumwona Kyle Hines akifanya kazi ilibidi auache mpira kwa muda. Mpira uko mbali, mikononi mwa mpinzani anayeudunda taratibu akitafuta njia, na macho ya ukumbi mzima yako kwake. Hines yuko karibu na kikapu. Magoti ameyakunja, visigino vimenyanyuka kidogo, mkono mmoja ameunyoosha nyuma na vidole vinagusa kiuno cha mtu anayemkaba. Hamsukumi, maana mwamuzi angepuliza filimbi. Anamgusa ili ajue aliko bila kugeuka. Shingo ndiyo haitulii: inageukia mwenye mpira, inamrudia mtu wake, inageukia mpira tena. Na muda wote huo anaongea. Wenzake walio mbele hawana macho kisogoni, kwa hiyo yeye anawaambia mpinzani anakuja kuwazuia upande gani.

Kazi hii kwa kawaida hupewa mtu mrefu kupita kiasi. Masenta wa ligi kubwa ya vilabu vya Ulaya, EuroLeague, wengi wana mita 2.08 na kuendelea, na wapo wanaovuka 2.15. Hines ana mita 1.98, kimo ambacho timu nyingi zingekipeleka pembeni kurusha mipira ya mbali. Yeye alibaki katikati kwa miaka 16 ya kulipwa, akashinda EuroLeague mara nne akiwa na vilabu viwili.

Alizaliwa Camden, New Jersey, mwaka 1986, akacheza shule ya sekondari ya Timber Creek katika jimbo hilohilo. Vyuo vikubwa havikumgombania. Aliishia Greensboro, North Carolina, katika chuo ambacho mechi zake hazikuwa zikionyeshwa sana kwenye televisheni, na huko miaka minne ikampa hesabu inayoshangaza hadi leo: pointi zaidi ya 2,000, ribaundi zaidi ya 1,000, mitupo iliyozuiwa zaidi ya 300. Waliofikisha vyote vitatu katika historia ya vyuo vya Marekani wanahesabika kwa vidole, na miongoni mwao wamo David Robinson, Alonzo Mourning na Tim Duncan. Hao watatu NBA iliwapokea kwa mikono miwili. Mwaka 2008 NBA ilichagua vijana 60, na Hines hakuwamo.

Akaenda Veroli. Ni mji mdogo wa kilimani, kusini-mashariki ya Roma, na timu yake ilikuwa daraja la pili Italia. Alikaa misimu miwili. Sioni aibu yoyote katika kuanzia huko. Kwa ufundi wake, naona palikuwa mahali pafaapo. Ulaya inacheza kwa kanuni zisizofanana na za NBA, na mtu wa kati lazima azijue kwa mwili wake, si kwa kuzisoma. Senta anayekaba anaruhusiwa kukaa mbele ya kikapu chake muda wote anaotaka, wakati NBA humpa sekunde tatu tu kama hana mtu wa kumkaba karibu. Kwa hiyo njia ya kwenda kikapuni husongamana. Mpira ukishagusa ringi unaweza kupigwa na yeyote hata kama ungali juu ya kikapu. Mechi ni dakika 40, na faulo ya tano inakutoa. Katika uwanja uliobanwa hivyo, kuruka juu peke yake hakufui dafu. Kinachohitajika ni kufika mahali sekunde moja kabla ya mwingine.

Tuangalie sasa anavyoweka skrini, yaani anavyomzibia beki njia ili mwenzake mwenye mpira apite, kwa sababu hapo ndipo ustadi wake wa kushambulia unapoanzia. Mchezesha timu ana mpira karibu na mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kikapuni, na beki amembana. Hines anatoka chini kwa mbio. Mbio hizo zina maana: akija polepole, beki wake atakuja naye na kujipanga. Akija kwa kasi, anamwacha hatua moja nyuma, na hatua hiyo ndiyo mtaji wa yote yatakayofuata. Anafika ubavuni mwa beki aliyembana mwenzake, anasimama ghafla kwa miguu miwili iliyopanuka kwa upana wa mabega, mikono ameikunja kifuani. Kanuni inamtaka atulie. Akisogeza nyonga tu wakati beki anapomgonga, ni faulo. Wengi wanashindwa hapo. Wanaiba nusu hatua, wanaegemea bega. Hines ukimtazama kwa picha za polepole unaona nyayo zimeshika sakafu kabla ya kugongwa, na mgongo umeelekea pale hasa anapotaka mwenye mpira apite.

Beki anamgonga. Mwenye mpira anapita. Sasa Hines anafunguka kama mlango kwenye bawaba: mguu mmoja unabaki kuwa egemeo, mwili unazunguka, na anapomaliza kuzunguka uso tayari unautazama mpira huku mgongo ukimfungia nje yule beki aliyegongwa. Mkono mmoja uko juu, kiganja wazi. Kisha anashuka kuelekea kikapuni, lakini si kwa pupa. Hatua mbili fupi, anasubiri senta wa wapinzani aamue: atamfuata mwenye mpira au atarudi kwake? Akimfuata mwenye mpira, pasi inakuja chini, katikati ya miili miwili, na hapo ufupi unageuka kuwa mali. Mtu wa mita 2.15 angelazimika kuinama kuipokea, kisha ainuke tena. Hines anaipokea kiunoni na kuruka kwa miguu miwili kabla mikono ya waliomzidi kimo haijashuka na kupanda.

Mara nyingine haweki skrini kabisa. Anakuja kwa mbio zilezile, anaona beki amejiandaa kuruka nje, na kabla ya kusimama anakata kuelekea kikapuni. Mchezesha timu inabidi awe anaijua akili yake. Alibahatika kupata wa namna hiyo: Vassilis Spanoulis akiwa Olympiacos ya Piraeus, Miloš Teodosić akiwa CSKA Moscow, kisha Sergio Rodríguez aliyecheza naye Moscow na baadaye tena Milano.

Takwimu za mechi hazina safu ya skrini. Spanoulis akifunga kwa sababu beki wake alibaki amekwama begani mwa Hines, pointi zinaandikwa za Spanoulis, na Hines anarudi kukaba bila kitu mbele ya jina lake. Nadhani ndiyo maana makocha walimpenda kuliko mashabiki walivyomjua.

Baada ya Veroli alipita Bamberg, Ujerumani, msimu wa 2010–11, akaondoka na ubingwa wa ligi na kombe. Olympiacos ya Piraeus ikamchukua. Huko alifanya kazi chini ya kocha Dušan Ivković, na fainali ya EuroLeague ya Mei 2012 mjini Istanbul ilimkutanisha na CSKA Moscow, timu yenye Andrei Kirilenko na senta Nenad Krstić wa mita 2.13. Katika robo ya tatu Olympiacos walikuwa nyuma kwa pointi 19, 53 kwa 34. Kutoka hapo CSKA hawakupata zaidi ya pointi nane. Georgios Printezis alifunga kikapu cha mwisho, pasi ikitoka kwa Spanoulis, mechi ikaisha 62–61. Kikapu hicho kimerudiwa kwenye televisheni maelfu ya mara. Zile dakika za kukaba zilizokiwezesha hazirudiwi. Mwaka uliofuata, London, Olympiacos wakautwaa tena ubingwa wa EuroLeague kwa kuifunga Real Madrid 100–88, na CSKA, ambao walikuwa wamemwona kwa karibu kuliko walivyopenda, wakamsajili.

Alikaa Moscow misimu saba, na huko ukabaji wake ukakomaa. Wapinzani wakiweka skrini, senta ana njia tatu. Anaweza kurudi nyuma na kulinda kikapu, akimwachia mwenye mpira nafasi ya kurusha. Anaweza kuruka mbele kumsimamisha kwa sekunde moja, kisha kukimbia kumrudia mtu wake. Au wanabadilishana: senta anamchukua mchezesha timu, beki mdogo anamchukua senta. Njia ya tatu masenta wengi huikwepa, kwa kuwa inawaacha uwanja wa wazi na mtu mwepesi aliyewazidi kasi. Hines aliitaka.

Anapobadilishana, kwanza anapunguza urefu wake. Anakaa chini zaidi, makalio nyuma, kifua mbele kidogo. Anasimama umbali wa mkono, si karibu zaidi, mguu mmoja mbele ili kumnyima mpinzani upande anaoupenda. Anateleza kwa hatua fupi za ubavu bila kupishanisha miguu. Miguu ikipishana umekwisha. Mkono mmoja uko chini kuelekea mpira, mwingine umenyooka pembeni kuziba pasi. Saa ya sekunde 24 inahesabu, na yeye hana haraka hata kidogo. Mpinzani anatikisa bega, Hines anatazama kiuno. Anajifanya kurusha, Hines hanyanyuki. Haruki mpaka nyayo za mrushaji zimeacha sakafu, na anaporuka ananyooka wima, mikono juu, ili hata miili ikigusana mwamuzi asiwe na cha kupuliza. Mpira ukigonga ringi anageuka kwanza kumtafuta mtu, anamwekea mgongo, na ndipo anapotafuta ribaundi.

Akiwa na CSKA alishinda EuroLeague Berlin 2016, kwa kuifunga Fenerbahçe 101–96 baada ya muda wa nyongeza, na Vitoria 2019 dhidi ya Anadolu Efes, 91–83. Tuzo ya mkabaji bora wa EuroLeague alipewa 2016 na 2018. Ya tatu ilikuja 2022 akiwa Olimpia Milano, ana miaka 35, umri ambao masenta wengi wanatafuta kazi ya ukocha.

Milano, chini ya Ettore Messina aliyewahi kumfundisha Moscow, kasi ilikuwa imeanza kupungua na yeye akaifidia kwa kuwahi zaidi. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha akinyoosha kidole kabla skrini haijafika, akimshika mwenzake begani na kumsogeza nusu mita, akisimama mahali ambapo mpira utapita baada ya pasi mbili. Misimu ya mwisho dakika zake zilipungua, vijana warefu wakaanza, naye akawa anakaa benchi huku akiendelea kuwapigia kelele za upande gani. Juni 2024 Milano wakatwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya tatu mfululizo, naye akastaafu akiwa na miaka 37, bila kucheza hata dakika moja ya msimu wa NBA.