Gereza, Wimbo na Kisima: Majengo katika Utendi wa Fumo Liyongo

Wahakiki wengi wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wameshughulishwa na swali moja: je, Liyongo aliishi kweli, au ni shujaa wa kisasili tu? Swali hilo lina uzito, lakini limetusahaulisha kuyasoma majengo yaliyomo katika utendi wenyewe.

Katika riwaya za kifantasia za J.R.R. Tolkien, kumbi na minara husawiriwa kwa kirefu ili ulimwengu wa kubuni uaminike. Kijumwa, ambaye pia alikuwa mchonga mbao mashuhuri wa Lamu, hashughuliki na mapambo ya namna hiyo. Kwake, jengo ni kizuizi: tunalitambua kwa kile linachokizuia na kile kinacholipenya.

Tuanze na gereza. Kuta zinauzuia mwili wa Liyongo, hazizuii sauti yake. Wimbo anaompa kijakazi Saada unabeba agizo kwa mamaye: afiche tupa ndani ya mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi waliozoea kumpokonya vinono hawatakitamani. Baadaye, vishindo vya ngoma ya gungu vinaufunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Hapa ushairi si pambo la masimulizi. Ndio ufunguo wa gereza.

Kisimani uhusiano huo unapinduka. Baada ya kudungwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, Liyongo anapiga magoti penye kisima, upinde tayari mkononi, na kufa hivyo. Watu wanamdhania hai, wasithubutu kuteka maji. Mji sasa umefungiwa maji na maiti.

Huenda ikadaiwa kwamba kisima ni mandhari tu. La hasha. Lau angalifia kitandani, tungebaki na kisasili cha shujaa asiyeuawa ila kwa shaba, bali adhabu ya mji ingetoweka. Katika Al-Inkishafi, magofu ya Pate ndiyo yanayotuonya kuwa enzi hupita. Kwa Kijumwa, kuta zingali zimesimama, na tayari enzi imetikisika.

Mwanafunzi wetu wa Machakos, aliyesimuliwa kwamba Wakamba wa kwanza walitokea katika jabali la Nzaui, anajua tayari kuwa mahali huweza kubeba kisasili. Tusimfundishe kulisahau hilo anapoufungua utendi.