Gari Kuukuu kwenye Barabara ya Bunyakiri: Kosa Litafutwe Wapi Kwanza

Ukitoka Bukavu kwenda Bunyakiri unapanda kwanza ndipo unashuka, na gari la miaka ishirini au thelathini halifiki bila kuonyesha ugonjwa wake katika mojawapo ya sehemu hizo mbili. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya taifa namba 3 inaachana na njia ya ziwani pale Miti, inapanda hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega upande wa Tshivanga, ambako huvuka mita 2,000, kisha inaporomoka takriban mita elfu moja hadi Bulambika, kitovu cha Bunyakiri katika teritwari ya Kalehe. Safari nzima ni kama kilomita 80.

Makanika anayeijua kazi yake haanzi kwa kufungua boneti. Anauliza: limekusumbua kwenye mpando au kwenye mteremko? Likiwa mwendoni au limesimama? Majibu ya maswali hayo huondoa nusu ya makosa yanayowezekana kabla spana haijaguswa. Asiyeuliza hubadilisha kipuri baada ya kipuri, na mwenye gari hulipia vyote.

Nitachukua mfano wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, maana ni gari la kawaida Kivu, liwe la parokia, la hospitali au la mfanyabiashara. Injini hiyo ilianza kutengenezwa 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya mazutu, yaani dizeli, inafanya kazi kwa mekanika tupu. Hakuna kompyuta ya kuulizwa. Hilux za injini ya 2L na 3L zinafuata kanuni zilezile, ila 2L haisamehe joto, na silinda hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka.

Tuanze na joto hilohilo. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Bukavu huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na huko juu ndani ya hifadhi kwa 92 au 93. Injini nzima kabisa, ikivuta mzigo mlimani, maji yake hufika nyuzi 90 na zaidi bila kosa lolote. Hesabu ni fupi: kifuniko cha rejeta kikiwa hakishiki, au dereva akiwa ameziba mdomo wa rejeta kwa kitambaa na kipande cha tyubu, maji yatachemka Tshivanga hata kama pampu, feni na rejeta vyote ni vizima. Kifuniko halali kimeandikwa namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hilo ndilo shinikizo kinalolishikilia ndani. Kwa 0.9 maji yaleyale, mahali palepale, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Kipuri hiki ni cha bei ndogo kuliko karibu vyote vya mfumo wa maji, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote.

Kukipima hakuhitaji chombo. Injini ikishapata moto, minya bomba la juu la rejeta kwa kitambaa: liwe gumu kiasi. Likiwa legelege, shinikizo linatoroka mahali. Ikishapoa usiku mzima, litazame tena. Kama limenywea, vali ndogo ya katikati ya kifuniko, ile ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba, imekwama. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi tu, uangalie mpira wake na ukingo wa mdomo wa rejeta, maana kifuniko kipya kwenye mdomo uliopinda hakina faida.

Kifuniko kikiwa kizima, ndipo swali la mahali linarudi. Gari linalochemka likiwa mwendoni kwenye mpando, kisha likapoa likiruhusiwa kunguruma taratibu, lina tatizo la rejeta isiyotoa joto la kutosha: rejeta imejaa kutu ndani, au mapezi yake yamezibwa na matope na wadudu kwa nje. Zima injini, subiri feni isimame kabisa, upitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Sehemu yenye ubaridi katikati ya joto ndiyo iliyoziba. Gari linalotulia likitembea lakini likachemka kwenye foleni ya bariere au ya soko la Kadutu lina kosa la upepo. Ukizima injini ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru bila ukinzani wowote, klachi ya feni imekufa. Wapo wanaoifunga kwa bolti ili feni izunguke muda wote. Linafika, ndiyo, lakini linakula nguvu na mazutu, na sioni aibu mtu akifanya hivyo kufika nyumbani. Aibu ni kuiacha hivyo mwaka mzima.

Kuna desturi moja nisiyoikubali kabisa, nayo ni kung'oa thamostati. Hoja yake inasikika vizuri: ikitolewa, maji yatapita bila kizuizi. Lakini thamostati ya injini hizi ina kazi mbili. Upande mmoja hufungua njia ya rejeta, na upande wa pili hufunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini moja kwa moja. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kamwe. Ndiyo maana vitabu vya ukarabati vya Toyota huonya isitolewe hata injini inapopata moto kupita kiasi. Matokeo yake ni injini inayochelewa kupata moto asubuhi ya baridi ya Miti, halafu inachemka mlimani, na mwenyewe anaapa kwamba thamostati haiwezi kuwa sababu kwa kuwa hata haipo.

Ipime badala ya kuitupa. Iningʼinize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uyapashe moto. Thamostati nyingi za magari haya huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Hata bila kipimajoto, maji ya Bukavu yakichemka yamefika 95, na hapo inatakiwa iwe imefunguka milimita 8 hivi au zaidi. Isiyofunguka, au isiyojifunga ikipoa, ndiyo ya kubadilishwa.

Yakiisha hayo na bado linachemka, hofu kubwa inaingia, ya gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kumruhusu mtu kufungua hedi, subiri asubuhi. Injini ikiwa baridi, toa kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa, utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Bomba linalokuwa gumu dakika moja baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto, linasema jambo lilelile. Mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yanalithibitisha. Dalili hizo zikikosekana zote, usifungue hedi, rudi kwenye rejeta.

Kukosa nguvu ni kesi nyingine, na hapa sehemu ya lawama ni ya mlima wenyewe. Kwa mita 2,200 hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na tabo haina la kufanya. Pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko inatoa mazutu yaleyale, hewa ni pungufu, na bomba linatoa moshi mweusi. Moshi mweusi kidogo juu ya Tshivanga si ugonjwa. Moshi mweusi Bukavu mjini, hata gari likiwa tupu, ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli inayochuruzika.

Gari linalopanda vizuri kilomita chache, likafifia, likasimamishwa kidogo, kisha likapata nguvu tena na kufifia tena, lina njaa ya mazutu. Mazutu ya bidoni, yaliyopita mikono mingi na mvua nyingi, huja na maji na mchanga. Fungua kizibo cha tangi kwanza. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu na gari likapona, tundu la hewa la kizibo limeziba, na dawa ni kulizibua. Kama si hilo, mwaga kidogo kutoka chini ya filta kwenye chupa angavu na uiache itulie: maji hukaa chini, mazutu juu, na mpaka wao unaonekana kwa macho.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la bidoni. Funga bidoni safi ya mazutu mahali pa juu kuliko injini, mbali na bomba la moshi, peleka mpira wake moja kwa moja kwenye pampu, kupitia filta mpya ndogo, toa hewa kwa pampu ya mkono, kisha panda kilima kifupi. Nguvu ikirudi, pampu na nozeli hazina hatia, na kosa liko kati ya tangi na filta. Isiporudi, umejiokoa na kazi ya kushusha tangi bure.

Injini inayotetemeka, kana kwamba silinda moja imelala, hutafutwa hivi: ikinguruma taratibu, legeza nati ya bomba la mazutu kwenye nozeli moja, kisha ikaze, uende inayofuata. Silinda nzima ukiilegezea, mngurumo unabadilika mara moja. Ile ambayo haibadilishi kitu ndiyo mgonjwa. Funika nati kwa kitambaa kinene na kinga macho, kwa sababu mazutu yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo kuliko lilivyo. Kazi hii ni ya pampu za zamani pekee. Kwenye dizeli mpya za kompyuta, shinikizo la mabomba ni kubwa mara nyingi zaidi, na kulegeza nati hiyo kunaweza kuua.

Baada ya kilele, mtihani unahamia kwenye breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Mteremko wa Bunyakiri, gari likiwa limebeba, unafikisha joto hilo bila shida. Pedali iliyokuwa ngumu Miti inakuwa laini na kuzama: huo ni mvuke kwenye mabomba, na dawa ni kubadilisha mafuta yote. Kuongeza juu tu hakusaidii. Pedali inayobaki ngumu ilhali gari halisimami inasema jingine: ama viatu na pedi zimeungua, ama busta haina msaada. Busta hupimwa gari likiwa limesimama. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie chini, kisha washa. Isipozama kidogo, tafuta bomba la utupu lililopasuka, au pampu ndogo ya utupu iliyofungwa nyuma ya altaneta.

Ukifika Bulambika, kabla ya kushusha mzigo, nyunyizia tone la maji kwenye kila ngoma na diski. Gurudumu linaloyachemsha peke yake lina kalipa au kiatu kilichokwama. Gurudumu lililobaki baridi halikufunga kabisa njia nzima, na mengine yalibeba kazi yake. Ndiyo sababu siwaelewi madereva wanaoachia gari nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mazutu. Gia ya pili inafanya kazi ambayo hakuna pedi itakayoiweza.

Stata niimalize upesi. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikizimika, ni betri au vichwa vyake, visugue kwanza. Taa zikibaki kali na ukasikia mlio mmoja wa "tak," mara nyingi ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika. Vinauzwa peke yake, na hakuna haja ya kununua stata nzima.

Mengine yaachiwe wenye mashine: kurekebisha pampu ya mazutu, kupima nozeli, kunyoosha hedi. Na liko tengenezo moja la njiani ambalo halifai kwa namna yoyote, lile la kukunja bomba la breki la gurudumu linalovuja na kuendelea na safari kwa magurudumu matatu. Kwenye tambarare ya Kavumu huenda likakufikisha. Likifanyika kabla ya Tshivanga, gari hilo lisivuke kilele. Ligeuzwe, lishuke taratibu kwa gia ya kwanza, lirudi Miti.