Visima Tisini na Sita

Mashine ya kusaga ya kijijini haichagui nafaka. Huku Mazinde, tambarare ya mkonge inapokutana na ukuta wa milima ya Usambara, asubuhi yanaweza kupita mahindi ya dona, ukafuata mtama, yakafuata makopa ya muhogo ya kupikia bada, na mwenye ngano yake kidogo naye asirudishwe. Kati ya mteja na mteja, mwendesha mashine hugonga mfuko ili unga uliobaki udondoke, kisha kazi inaendelea. Kwa wengi wetu usafi huo unatosha. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki hautoshi hata kidogo, kwa sababu gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huuchochea mwili wake kuushambulia utumbo wake mwembamba. Muhogo, mahindi, mtama na ulezi kwa asili havina gluteni inayomdhuru mtu huyo. Vinaipata njiani.

Mwaka 2008 Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kiliweka mpaka: chakula kinachouzwa kwa jina la kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Piga hesabu kwa gunia la kilo 100. Ni gramu 2 tu za gluteni, yaani kama vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano. Vichanganye vijiko hivyo kwenye gunia zima la unga wa muhogo, kisha mwambie mtu avitafute. Jicho halivioni wala ulimi hauvionji. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvipata, na mimi nawastahi sana.

Kazi yao huanzia kwenye gunia, mbali na maabara. Mchukua sampuli mzuri hachoti unga wa juu. Anachoma bambo juu, katikati na chini, gunia baada ya gunia, anachanganya, anagawa, anachanganya tena. Mwishoni kitakachopimwa chaweza kuwa robo gramu, na hiyo robo gramu itausemea mzigo wote. Akikosea hapo, hakuna kemikali wala mashine itakayomsahihishia.

Kisha gluteni itolewe ndani ya unga, nayo ni kaidi, haiyeyuki kwenye maji matupu. Kwa unga mbichi alkoholi ya asilimia 60 husaidia. Biskuti ni shida zaidi, maana joto la tanuri limezifunga protini pamoja. Inabidi dawa ya kuvifungua vifungo hivyo, dakika 40 kwenye nyuzi 50 za Selsiasi, halafu alkoholi tena kwa saa nzima. Ukikatisha muda huo, gluteni inabaki kwenye mashapo, na majibu yatakuja mazuri kwa uongo.

Ndipo inaletwa sahani ya plastiki yenye visima 96, safu nane za visima kumi na viwili. Chini ya kila kisima zimeshikizwa kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kumkamatia mgeni mmoja maalumu. Mojawapo inayotumika sana ni R5, iliyopatikana Madrid na Enrique Méndez na wenzake kutoka kwa panya waliochanjwa protini za rai. Inashika kipande kifupi cha asidi amino tano kinachojirudia mara nyingi ndani ya gluteni. Tone la sampuli likiingia, gluteni inanaswa. Sahani inaoshwa. Inatiwa kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, inaoshwa tena, kisha inatiwa dawa ya rangi. Penye gluteni panageuka buluu, na tone la asidi linaigeuza buluu kuwa njano. Mashine inapima ukali wa njano hiyo na kuulinganisha na visima ambavyo kiasi chake kinajulikana.

Kwa maneno inaonekana rahisi. Lakini mtazame fundi anayeijua kazi. Ncha ya pipeti inabadilishwa kwa kila sampuli. Anatia bila povu na kwa mwendo ule ule, kwa kuwa kisima cha kwanza kinaanza kubadilika rangi wakati cha mwisho bado kikavu. Kila sampuli inapewa visima viwili, na viwili hivyo visipokubaliana anarudia, hata kama jioni imefika. Uoshaji ndio unaomtofautisha na mwanafunzi: ukiwa hafifu, kimeng'enya kilichobaki kinaleta rangi mahali pasipo na gluteni. Naye mwenyewe ni hatari kwa kipimo chake, kwani chapati ya asubuhi hubaki vidoleni na kwenye koti.

Njia hii ya kingamwili na kimeng'enya ilitangazwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, na mwaka huo huo na watafiti wa Uholanzi. Mwaka 1974 Alister Voller na wenzake waliipeleka kwenye sahani ya visima kwa ajili ya malaria, na kwa kazi hiyo ilifika mpaka kwenye milima yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ukiongozwa na Chris Drakeley, ulipima damu za watu wa vijiji 24 vya Kilimanjaro, Pare Kusini na Usambara Magharibi, toka chini kwenye joto hadi juu kwenye baridi. Kingamwili za malaria hukaa mwilini miaka mingi, hivyo kwa kuzipanga kwa umri wa watu na urefu wa mlima, watafiti walisoma maambukizi ya miaka iliyopita. Kule kingamwili ilikuwa inatafutwa. Kwenye unga ndiyo inayotafuta.

Kwa walaji wa mahindi ipo kazi ya jirani yenye uzito zaidi: kupima sumukuvu, sumu ya kuvu wa nafaka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, mara 2,000 chini ya kile cha gluteni. Tena molekuli yake ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, kwa hiyo inashindanishwa na nyingine iliyobeba kimeng'enya, na rangi inageuka maana: kisima chenye rangi kali ndicho cha chakula salama. Fundi aliyepima gluteni asubuhi na sumukuvu mchana anasoma sahani mbili zinazofanana kwa namna mbili zinazopingana.

Ninachokistahi kuliko vyote ni karatasi ya majibu. Mwenye kiwanda angependa kusoma “hakuna gluteni”. Fundi haandiki hivyo. Anaandika namba ya toleo, tarehe, njia iliyotumika, na “chini ya miligramu 5 kwa kilo”, kwa sababu chini ya hapo kipimo chake hakiwezi kuhesabu kwa uhakika. Toleo linalofuata litaletewa bambo lake.