Gesi, Maji na Baridi: Namna Super Mario 64 Inavyopima Pumzi

Katika michezo ya video ya kuruka na kupanda, hatari ziko za namna mbili. Kuna zile zinazopiga mara moja, kama mwiba, moto au adui. Na kuna zile zinazomla mchezaji polepole kwa sababu tu amesimama mahali fulani: gesi ya sumu, maji, baridi, joto. Hizi za pili ni ngumu zaidi kuzitengeneza, maana mchezaji hana cha kukwepa. Amebaki na muda tu, na muda ukihesabiwa vibaya chumba kizima huwa ama mzaha ama mateso. Mchezo uliolifanya jambo hili kwa ustadi ni Super Mario 64, uliotoka Japani tarehe 23 Juni 1996 pamoja na mashine ya Nintendo 64, ukiongozwa na Shigeru Miyamoto. Mwaka 2019 mashabiki waliuandika upya msimbo wake kwa kufuata programu iliyo ndani ya kaseti, na tangu hapo hesabu zake zinaweza kusomwa mstari kwa mstari.

Mchezaji huona duara la uhai lenye vipande vinane. Nyuma ya duara hilo kuna namba moja. Mario akiwa mzima namba ni 2176, na ikishuka chini ya 256 anakufa, kwa hiyo uhai wa kutumia ni pointi 1920. Mchezo huchora picha 30 kwa sekunde, na kila picha namba hukaguliwa upya. Gesi ya sumu hupunguza pointi 4 kwa kila picha. Maji ya kawaida, Mario akiwa amezama, hupunguza 1. Maji ya nchi ya theluji hupunguza 3. Ukigawanya, Mario mzima huishi sekunde 16 ndani ya gesi, sekunde 64 chini ya maji ya kawaida, na kama sekunde 21 katika maji ya baridi.

Kila kipande cha duara kina pointi 256, lakini 2176 si 256 mara nane. Ni mara nane na nusu. Hii nusu ya ziada ina kazi. Kipande cha kwanza hufutika baada ya pointi 129 tu, vingine vyote huhitaji 256. Kwenye gesi, basi, kipande cha kwanza huondoka baada ya sekunde 1.1, na vinavyofuata kila baada ya sekunde 2.1. Mchezaji aliyeingia bila kujua hupata onyo mapema, kabla hajapoteza kitu cha maana. Akisimama bila kufanya kitu, Mario huanza kukohoa, na hakuna haja ya maandishi kueleza kinachotokea.

Gesi inapatikana katika pango la Hazy Maze Cave, ambako lengo la nne, yaani nyota ya nne, linamtaka mchezaji apite kwenye njia za kuzungukazunguka zilizojaa sumu. Gesi hiyo ina uso wake wa juu kama maji yalivyo, na hasara huanza Mario akiwa chini ya uso huo kwa kiasi fulani; anayepanda juu yake amesalimika. Sarafu nazo hufanya kazi ya hewa. Sarafu moja ya njano hurudisha pointi 256 zikigawanywa katika picha nne, na katika picha hizo nne gesi haikati chochote, kwa sababu msimbo hauruhusu tiba na sumu kuhesabiwa pamoja. Kwa hesabu ya gesi, sarafu moja ni sekunde mbili za uhai na kidogo zaidi. Atakayezipanga sarafu ndani ya gesi anapanga pumzi za mchezaji.

Kinga kamili ni kofia ya chuma. Swichi yake ya kijani iko katika pango jingine linalofikiwa kupitia hilo hilo la gesi, na ikishakanyagwa, masanduku ya kofia hufunguka popote yalipo. Kofia hudumu picha 600, yaani sekunde 20, na karibu na mwisho mwili wa Mario humeta-meta kumtahadharisha mchezaji. Sekunde 20 za kinga zikitangulia sekunde 16 za uhai mtupu, mchezaji ana zaidi ya nusu dakika ya kutafuta mlango. Kofia hiyo hiyo humfanya Mario mzito. Akiingia majini huzama na kutembea chini bila kupoteza pumzi.

Lakini uamuzi wa busara kuliko yote uko kwenye maji. Mario akiibuka karibu na uso wa maji ya kawaida, mchezo humwongezea pointi 26 kwa kila picha, na uhai wote hurudi kwa sekunde mbili na nusu hivi. Maji yanayomuua ndiyo yanayomtibu. Mchezaji aliyechoka kwa kupigwa nchi kavu hutafuta bwawa, hajali kwamba bwawa lina hatari. Mtu wa Kisangani, kando ya mto Kongo, halioni jambo hili kuwa geni: wavuvi wa jamii ya Wagenya husimika nguzo za miti ndani ya mwamba, kwenye poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, na kuning'iniza mitego mikubwa ya vikapu penye mkondo mkali kabisa, kwa kuwa nguvu inayoweza kumchukua mtu ndiyo inayomsukuma samaki mtegoni. Hatari yenye faida ndani yake humvuta mtu aisome badala ya kuikimbia. Maji ya theluji yamenyimwa faida hiyo kwa makusudi. Hata usoni hayaponyi, yanakula tu, na ndiyo maana mchezaji huyaogopa kwa haki.

Sonic the Hedgehog ya Sega, ya mwaka 1991, ilishika njia nyingine. Huko pumzi ina saa yake peke yake, sekunde 30, na pete alizokusanya mchezaji hazimsaidii asizame. Anahitaji mapovu ya hewa yanayotoka sakafuni. Inatisha vizuri zaidi, hasa muziki ukibadilika na namba zikianza kuhesabu kurudi nyuma. Hata hivyo hesabu moja ya Mario ni bora kwa anayejifunza: gesi, maji, baridi na ngumi vyote hulipwa kutoka mfuko mmoja, na sarafu moja hujibu vyote.

Kasoro ya Super Mario 64 iko kwenye kengele. Mario akiwa majini, mlio wa kuonya huanza namba ikishuka chini ya 768. Katika maji ya kawaida mchezaji hubaki na sekunde 17 za kuogelea hadi juu. Katika maji ya baridi kengele hiyo hiyo hulia zikiwa zimebaki chini ya sekunde sita, na kwenye gesi hailii kabisa. Ilipaswa kufungwa kwenye sekunde zilizobaki badala ya pointi, na anayetengeneza mchezo wake leo anaweza kulirekebisha hilo kwa mstari mmoja wa msimbo.