Kumpima Fundi kwa Mkwaruzo Mmoja

Ukitaka kujua uwezo wa fundi wa sakafu ya mbao, usitazame chumba kizima alichokipiga msasa na kukipaka vanishi upya, kwani mashine huficha mengi. Mpe mkwaruzo mmoja wa mguu wa kiti. Swali la kujiuliza ni hili: ameondoa kiasi gani cha kilichokuwapo? Kazi bora ni ile iliyogusa kidogo iwezekanavyo, na huanza kwa uchunguzi. Fundi mzuri hupitisha kitambaa chenye unyevu juu ya alama. Weupe ukipotea kwa muda, kilichoumia ni vanishi tu. Ukibaki mstari mweusi, au ukucha ukinasa, mbao yenyewe imekatika. Anayeshika msasa kabla ya kujua hilo anabahatisha.

Kisha ajue amekuta vanishi gani. Tone la spiriti nyuma ya mlango hulainisha sheleki, na koti jipya la sheleki huyeyukiana na la zamani. Poliurethani haifanyi hivyo. Isipopitishwa msasa laini, namba 220 au zaidi, kwa kufuata nyuzi za mbao, kiraka kitabanduka.

Ugumu mkubwa uko kwenye rangi, na mvule ndio mtihani wenyewe. Mvule uliotoka kupigwa msasa huwa na umanjano. Mwanga huugeuza hudhurungi kadiri siku zinavyopita. Fundi anayekoleza rangi mpaka kiraka kilingane leo hii husifiwa siku ya kukabidhi kazi, lakini mbao iliyo chini inaendelea kukolea, na hatimaye doa jeusi hujitokeza. Kwa hiyo kiraka cha mvule kilichopauka kidogo sikihesabu kuwa kasoro. Kinaonyesha kwamba fundi anaijua mbao yake.

Wapo wanaouliza kwa nini chumba chote kisipigwe msasa, mambo yaishe. Hayaishi. Sakafu nyingi za kisasa ni mbao za tabaka, na tabaka la juu lenye mbao halisi mara nyingi ni milimita 2 hadi 4 tu. Kila msasa hulila, na likiisha hakuna cha kutengeneza. Wengine hutetea mafuta ya kupikia. Ni kweli huficha weupe kwa siku kadhaa, lakini hunasa vumbi na kuzuia vanishi isishike, hivyo atakayefuata atakuta kazi imekuwa ngumu zaidi. Nta ya rangi ni afadhali, mradi isafishwe kabisa kabla ya kupaka vanishi.

Kabla ya kumaliza malipo, laza tochi sakafuni, mwanga utambae juu ya mbao, kisha inama utazame. Ukiona duara linalong'aa kuliko sakafu iliyolizunguka, au mistari ya msasa iliyokatisha nyuzi, mwombe fundi arudie.