Diski C Haikuwa na Kosa

Kufomati ile mashine kulikuwa kosa. Nalisema mapema, kwa sababu mliokuwa pale saibani Bomet siku ya soko mliona kila hatua, na baadhi yenu mlitoka mkimsifu fundi kwa wepesi wa mikono. Ngome ya antivirusi ilikuwa ikitoa kidirisha kila saa, ikiuliza kama faili la .tmp liruhusiwe kwenda intaneti. Mwenye saiba alikuwa amebonyeza "ruhusu daima" mpaka akachoka. Fundi akakifunga kidirisha bila kukisoma, akatamka "virusi", akachomeka flashi ya Windows. Nusu saa baadaye diski C ilikuwa na Windows mpya tupu.

Alilofanya vizuri nalitaja: alichomoa waya wa intaneti kwanza, na akanakili mafaili yaliyokuwa kwenye deskitopu.

Turudi kwenye kidirisha, maana ushahidi wote ulikuwa pale. Njia ya faili iliandikwa chini yake: Temp ya mtumiaji, kisha folda inayoanza na "is-", herufi tano za kubahatisha, na .tmp mwishoni. Anayeijua kazi hii huiona alama hiyo akafikiria kwanza Inno Setup, chombo cha kuundia visakinishi alichokitoa Jordan Russell mwaka 1997, ambacho programu nyingi za bure hukitumia mpaka leo. Kisakinishi cha aina hiyo kikianza, hutengeneza folda ndani ya Temp, huandika humo faili la .tmp ambalo kwa kweli ni programu kamili, halafu huliachia hilo kazi iliyobaki. Kikimaliza hufuta folda. Safari ijayo folda inakuja na herufi nyingine.

Hapo ndipo jibu la "ruhusu daima" lilipopotelea. Ngome ile ilikumbuka ruhusa kwa njia ya faili, na njia haikuwa ile ile hata mara moja. Kila saa ilimwona mgeni mpya mlangoni, ikauliza tena. Herufi zilizowatisha watu hazikuthibitisha uhalifu wowote. Ni kweli mwenye nia mbaya naye anaweza kufunga virusi ndani ya Inno Setup, kwa hiyo kuitambua alama hakutoshi. Lazima apatikane aliyeliita faili.

Naye alikuwa hajifichi. Kitu kinachotokea kila saa kina ratiba. Fungua Task Scheduler, tazama kila kazi iliendeshwa mara ya mwisho saa ngapi, linganisha na saa ya kidirisha. Usipompata humo, washa Process Monitor, chuja Process Create na njia zinazoishia na .tmp, iache irekodi, subiri. Kidirisha kikitokea bonyeza Ctrl na T. Mti wa michakato unakuja mzima, pamoja na michakato iliyokwisha kufa ambayo Task Manager haiwezi tena kukuonyesha, na mzazi wa faili anasimama pale na jina lake, njia yake na amri iliyomwanzisha. Msiniambie muda haukuwepo. Aliyeweza kukaa nusu saa akitazama Windows ikisakinishwa angeweza kukisubiri kidirisha kimoja.

Jioni alirudisha antivirusi ile ile na programu zile zile, ikiwemo moja ya bure ya kugeuza PDF. Kabla saa haijapita kidirisha kikarudi. Mzazi wa faili alikuwa kisasishi cha hiyo programu ya PDF.

Kilichopotea ni daftari la kilo la kikundi cha wakulima. Halikuwa kwenye deskitopu, lilikaa ndani ya folda ya programu ya hesabu, kwenye C. Humo mlikuwa na kilo za majani mabichi ya chai tangu Julai, mwanzo wa mwaka wa hesabu wa shirika la chai la KTDA, na kwa kilo hizo mkulima hukadiria bonasi yake kabla haijatangazwa. Sasa wanakusanya risiti za kituo moja moja, zile ambazo mvua haijazifuta. Fundi hakumuuliza yeyote kama kuna kitu kingine ndani ya C.

Nimeandika mara nyingi juu ya tabia hii ya kuita kila kitu virusi, nami sitaacha. Kiwandani chai ikianza kukatika vibaya, fundi huenda kwenye rola za CTC zinazokata majani kukagua meno. Habomoi laini nzima.

Na tulikuwa na mafundi wa namna hiyo. Mnawakumbuka wa miaka ya flashi na autorun.inf, faili lililoanzisha virusi flashi ikichomekwa, Kericho mjini na Litein, waliokuwa wakiandika attrib -s -h -r kwa mkono, wakalifichua faili, wakalisoma kwa Notepad kujua linaita programu gani, ndipo wakafuta. Walifanya hivyo miaka kabla Microsoft haijaufunga mlango wa autorun kwa flashi, Februari 2011, na intaneti yao ilikuwa ya kusuasua. Naye Mark Russinovich, mmoja wa waandishi wa Process Monitor, hakufanya tofauti: aliona mafaili yaliyofichwa kwenye mashine yake mwaka 2005, akayafuata hatua kwa hatua mpaka kwenye CD ya muziki ya Sony BMG iliyoyasakinisha, na tarehe 31 Oktoba akachapisha kila alichokiona. Angefomati siku ile, asingekuwa na la kuwaambia wanunuzi wa CD hizo.

Fundi, ukiletewa mashine yenye kidirisha cha .tmp, soma njia ya faili kabla hujakifunga, mtafute mzazi wake, na usiiguse diski C mpaka mwenye data amekuonyesha kila mahali alipoihifadhi.