Sheria ya Ulimwengu na Nafsi ya Mhusika: Uhakiki wa Riwaya ya Njozi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili imekuwa ada kuzigawa hadithi ndefu za Shaaban Robert katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hutiwa Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zinazosemekana kuyakaribia maisha ya kila siku. Fungu la pili hutiwa Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika (1967), ambazo mandhari yake hayaonekani katika ramani yoyote. Baada ya mgawanyo huo hukumu hupitishwa upesi: wahusika wa fungu la pili ni bapa, majina yao yamekwisha kusema yote kabla hawajatenda lolote, na nchi zao ni mapazia tu ya kuufichia ukoloni. Hukumu hii hurudiwa darasani mwaka hata mwaka, na mwanafunzi anayetaka kuandika njozi yake mwenyewe huondoka na funzo moja la hatari: kwamba katika njozi mawazo ndiyo kitu, na watu si kitu.

Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo upya. Hoja itakayotetewa ni kwamba nafsi ya mhusika wa njozi haitokani na jina alilopewa wala wingi wa maelezo ya sura na mavazi yake. Hutokana na sheria ya ulimwengu anamoishi, na gharama ambayo sheria hiyo humdai. Pale sheria inapombana mhusika, jina lake lolote liwalo, hupata uhai. Pale isipombana, hata mhusika aliyechorwa kwa uangalifu hubaki kivuli.

Sheria kabla ya maajabu

Mwandishi wa uhalisia hukopa ulimwengu wake. Akitaja Mombasa, msomaji huleta mwenyewe bahari, kivuko, joto na kelele za sokoni. Mwandishi wa njozi hana wa kumkopesha; kila tofali la nchi yake hana budi kulifinyanga yeye. Wengi hudhani kwamba upweke huu ni uhuru, kwamba njozini lolote laweza kutokea. Kwa hakika kinyume chake ndicho kweli. Mahali ambapo lolote laweza kutokea, hapana la kuogopwa wala la kutarajiwa, na mhusika hana sababu ya kuchagua jambo moja akaacha jingine.

Jadi ya Kiswahili iliujua ukweli huu zamani. Katika habari za Fumo Liyongo, kama zilivyotungwa katika utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ajabu iliyo kuu ni moja tu: shujaa hafi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Sheria hii ni nyembamba, na nguvu yake ni katika wembamba huo. Kwa kuwa siri yaweza kujulikana kwa aliye karibu tu, msaliti hawezi kuwa adui wa mbali. Hana budi kuwa mwana. Kwa kuwa shujaa hakuwahi kushindwa, maiti yake iliyopiga magoti karibu na kisima ikiwa na upinde mkononi inatosha kuwazuia watu wasiende kuteka maji, hata mama yake aje kumbembeleza kwa maneno. Mji mzima unakaa na kiu kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Hapo sheria ya njozi imezaa usaliti, msiba wa mama na hofu ya umma, na mtunzi hakuhitaji kuongeza ajabu la pili.

Kusadikika: nchi iliyo baraza

Kipimo hiki kikitumiwa juu ya Kusadikika, matokeo yake yana pande mbili. Nchi hii iliyo angani inajulikana kwa msomaji zaidi kama baraza la hukumu kuliko kama makazi ya watu. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, naye anajitetea kwa siku sita kwa kuwasimulia wasikilizaji habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alitaabika safarini, akarudi na maarifa ya kuiendeleza nchi, akalipwa adhabu.

Wanaolalamika kwamba Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini ni mtu mmoja mwenye majina sita hawajakosea. Ni vigumu kukumbuka mmoja alisema nini ambacho mwenzake asingeweza kusema. Lakini lawama hiyo imesahau ni nani anayesimulia, na kwa nini. Habari hizi zinatolewa na mshitakiwa mbele ya mahakama, na katika mahakama marudio ni ushahidi. Tukio moja la dhuluma laweza kuitwa bahati mbaya. Matukio sita yenye umbo moja ni desturi. Karama anawapunguzia wajumbe tofauti zao ili serikali ionekane wazi katika mwenendo wake. Sheria ya Kusadikika, yaani kwamba nchi huwatuma watu wake kutafuta nuru kisha ikawaadhibu kwa kuileta, inathibitika kwa njia hiyo hiyo inayowafanya wajumbe wawe bapa.

Kwa hiyo udhaifu uliopo si wa ujinga wa sanaa bali ni bei ya uamuzi. Hata hivyo bei ni bei. Msomaji hapati kuiona nyumba ya mjumbe hata mmoja, wala mke aliyemngoja, wala chakula kilichopikwa siku aliporudi akakamatwa. Laiti mmoja tu kati ya sita angalipewa jambo la kupoteza lisilokuwa la taifa, hoja ya Karama isingepungua nguvu, na huruma ya msomaji ingezidi.

Adili: mkono upigao na jicho liliapo

Ni katika Adili na Nduguze ambapo hukumu ya ubapa inashindwa kabisa, ingawa majina ya kitabu hiki ndiyo yaliyo wazi kuliko yote: mwema ni Adili, na nduguze ni Hasidi na Mwivu. Kiini cha hadithi kinatokana na kisa cha Abdullah bin Fadhil na nduguze wawili katika Alfu Lela U Lela. Katika kisa hicho cha kale mtawala ni Harun al-Rashid, mji ni Basra, na ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert ameiondoa hadithi katika historia inayojulikana akaitia katika nchi ya Ughaibu na mji wa Janibu, chini ya mfalme aitwaye Rai, na mbwa wakawa manyani. Badiliko hili si la majina tu. Msomaji wa kisa cha kale huingia na Baghdad yake tayari kichwani. Msomaji wa Adili haingii na kitu. Mamlaka ya Rai, khofu ya majini na wajibu wa liwali wa Janibu ni mambo ambayo hana budi kuyajenga mwandishi.

Sheria ya ulimwengu huu ni kali na nyepesi kueleweka. Huria, binti wa mfalme wa majini, aliyepata kuokolewa na Adili alipokuwa katika umbo la kiumbe mdogo, amewageuza Hasidi na Mwivu kwa uovu waliomtenda ndugu yao. Kisha amemwamuru Adili awachape kila usiku. Adhabu haikutolewa mkononi mwa jini wala mwa askari. Imetiwa mkononi mwa yule aliyedhulumiwa, ambaye hakuiomba. Kila usiku mtu ambaye jina lake ni uadilifu anashika mjeledi dhidi ya damu yake mwenyewe, na anaumia kwa kila pigo.

Hapa swali la mhusika bapa linapoteza maana. Mtu mwema anayetendewa wema hana hadithi. Mtu mwema anayelazimishwa kutenda ukatili kwa amri asiyoweza kuikiuka ana hadithi kila usiku. Mambo yanazidi kukaza mfalme Rai anapopata habari na kumkataza kupiga. Sasa Adili yuko baina ya sheria mbili: akitii mfalme wa watu anamwasi binti wa majini, na akimtii binti wa majini anamwasi mfalme. Shaaban Robert hakuhitaji kurasa za mawazo ya ndani ili kuonyesha nafsi iliyogawanyika. Aliipanga nchi kwa namna ambayo nafsi haikuweza kukaa pamoja.

Jina nalo, katika mkazo kama huo, huacha kuwa lebo likawa swali. Msomaji hujiuliza kama kuna uadilifu katika kipigo hiki, na jina ndilo linalomlazimisha aulize. Katika Kufikirika mbinu hii imekwenda hatua nyingine. Sharti la kumponya mwana wa mfalme ni kafara ya mjinga na mwerevu, na jina la mwalimu, Utubusara Ujingahasara, limebeba busara na ujinga ndani ya mtu mmoja. Asemaye kwamba majina ya Shaaban Robert huufunga mlango wa fikra hana budi kueleza jina hilo linafunga mlango upi.

Ukamilifu na hasara yake

Waandishi waliofuata wamejenga nchi pana zaidi. Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alichagua mantiki ya ndoto, ambamo sheria hubadilika msafiri akiendelea kutembea. Huko nafsi yenyewe ndiyo nchi, na kipimo cha makala haya hakimfai bila marekebisho. Aliye karibu zaidi na Kusadikika ni Katama Mkangi. Katika Walenisi (1995) Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa kwao, anarushwa angani ili aangamie, naye anafika katika nchi ya usawa ambayo jina lake likitamkwa polepole linasema kwamba wale ni sisi.

Ubunifu wa jina hilo ni mkubwa, na ujasiri wa Mkangi, aliyepata kuwekwa kizuizini mwaka 1986, hauna shaka. Lakini nchi iliyokamilika inamletea msanii shida. Walenisi haimdai Dzombo gharama kubwa. Anauliza, anaelezwa, anastaajabu. Mara nyingi yeye ni mgeni anayetembezwa. Msisimko wa mwanzo, alipokuwa mtu mwenye mwili wa kuangamizwa, unapungua kadiri nchi inavyozidi kuwa njema. Uhai humrudia pale tu mazoea ya kwao yanapogongana na desturi za wenyeji wake, kwa kuwa hapo ana kitu cha kuacha. Yamkini njozi ya nchi njema ni ngumu kuliko ya nchi mbovu kwa sababu hiyo: wema wa nchi usipokuwa na bei, wakazi wake hawana la kuchagua.

Hitimisho

Ushahidi wa kazi hizi unaonyesha kwamba kuujenga ulimwengu na kumkuza mhusika si kazi mbili zinazofuatana, ya kwanza ikimalizika ndipo ya pili ianze. Ni kazi moja. Kitovu cha Liyongo ni jambo la ulimwengu na la mtu kwa pamoja. Mjeledi wa Janibu vivyo hivyo. Chipukizi anayetumia miaka kutaja milima, nasaba na lugha za nchi yake ya kubuni bila kuuliza ni nani katika nchi hiyo analazimika kufanya asilolitaka, amepima kiwanja lakini hajajenga nyumba.

Uhakiki nao una deni. Kumwita mhusika bapa kwa kusoma jina lake tu ni kuhukumu kesi kwa kusoma hati ya mashitaka bila kumsikiliza mshitakiwa, nayo ndiyo dhuluma ambayo Karama alisimama siku sita kuipinga. Mhakiki wa njozi anapaswa kwanza kuitafuta sheria ya nchi aliyoingia, kisha amtazame mhusika sheria hiyo inapomshika mkono. Akimwona anatetemeka, hana haja ya kuuliza jina lake ni nani.